Kochi la Mgeni Rasmi

Ijumaa ile asubuhi Mama Viti alimkuta mumewe sebuleni amekalia ndoo iliyogeuzwa, anakunywa chai, uso umetulia kama mtu aliye hotelini. Kilichomchoma si ile nafasi tupu chini ya dirisha, iliyobaki na alama za miguu ya kochi kwenye saruji. Kilichomchoma ni ule utulivu.

"Wewe roho yako imetengenezwa na nini?" akamuuliza. "Kesho wakwe wanakuja, wewe umekalia ndoo na unafurahi!"

"Ndoo haina neno, mke wangu. Iko imara. Tena ukishiba kuikalia unachotea maji."

"Basi kesho mkaribishe baba wa watu aikalie. Na dada yake umpe kopo."

Wawili hawa riziki yao ilikuwa kukodisha. Mke alikodisha viti vya plastiki, mume alishona maturubai na kuyafunga, ndiyo maana mtaa ulimwita Turubai na jina lake la nyumbani likasahaulika. Kila mtu pale mtaani alishavikalia viti vyao: waliooana, waliofiwa, na wale wanaokuja kuomba kura kisha hawaonekani mpaka kura zirudi tena. Wenyewe nyumbani walikaa mkekani, kwa sababu Mama Viti alishasema kiti anachokalia mwenyewe hakiingizi kitu.

Kitu kimoja tu hakikukodishwa, nacho ni kochi. Lilikuwa refu, rangi ya zambarau, lina vifungo vya dhahabu mgongoni, na lilikuwa bado ndani ya nailoni ya dukani. Miaka mingi imepita tangu linunuliwe na hakuna makalio yaliyowahi kuligusa. Mgeni alikaribishwa mkekani, akaoneshwa kochi, akalisifu, akaenda zake. Binti yao alikua akilitazama kama watoto wa wenzao wanavyotazama televisheni.

"Atakayelikalia hilo bado hajazaliwa," Turubai alizoea kusema.

Lakini Jumatatu Diwani alikuja mwenyewe, akainamisha kichwa mlangoni kwa adabu ambayo huwa nayo akiwa na shida. Kulikuwa na sherehe ya kufungua bomba la maji. Bomba lenyewe, tuseme kweli, lilikuwa moja, limesimama peke yake uwanjani kama mtoto aliyepotea. Lakini mgeni rasmi alikuwa anatoka makao makuu, na mkubwa wa makao makuu hawezi kuwekwa kwenye plastiki.

"Mama, nakuomba lile kochi lako. Siku moja tu, kesho jioni liko hapa," alisema Diwani. "Na nikuambie kitu, nimeshawasemesha wenzangu. Sherehe zote za mwaka huu, viti ni vyako."

Mama Viti alitikisa kichwa kukubali kabla Diwani hajamaliza. Kwa zabuni ile alishaiona meza ya chakula, ile yenye kioo juu, imeshaingia ndani na kugusana na ukuta.

Jumanne mgeni rasmi akapata dharura. Jumatano akawa na semina. Alhamisi ikasemwa ana mafua. Viti vikabaki uwanjani vimepangwa mistari, vinangoja, na askari wa halmashauri anavilinda. Wananchi tumeshazoea kupangwa foleni. Sasa ikawa zamu ya viti.

"Nenda," Mama Viti akamwambia mumewe. "Nenda sasa hivi kwa Diwani, usirudi bila kochi."

"Na akikataa?"

"Kwani ni lake?"

*

Ofisini kwa Diwani kulikuwa na karani wa kike aliyekuwa anapaka kucha rangi, kidole kimoja kimoja, kwa uangalifu ambao ungetumika kwenye bomba tungekuwa na maji.

"Una miadi?" akauliza bila kuinua macho.

"Nina kochi."

"Kochi?"

"Lile la zambarau. Nimelifuata."

Karani akavipuliza vidole. "Mzee, lile kochi limeshaingia kwenye ratiba. Ratiba inasema mgeni rasmi ataketi. Ukiliondoa, ataketi wapi?"

"Na wakwe zangu wataketi wapi?"

"Kwani wao wamo kwenye ratiba?"

Hapo mlango wa ndani ukafunguka, akatoka Diwani amefungua mikono kama anapokea ndugu aliyetoka safari.

"Aa! Mzee wangu! Mtu wa maana! Ndiyo kwanza nilikuwa nakutafuta!"

Mkubwa akikuambia alikuwa anakutafuta, shika mfuko wako. Turubai hakushika. Huyu bwana tangu azaliwe hajawahi kumwambia hapana mtu aliyevaa koti. Diwani akamshika bega, akamweleza kwamba mgeni amethibitisha, ni kesho Jumamosi bila kukosa, sherehe ikiisha kochi litarudi. Ila kulikuwa na jambo dogo. Lile turubai la nyuma lina viraka, si vizuri mgeni akapigwa picha na viraka. Si wana mapazia kule nyumbani? Ya maua?

Nusu saa baadaye Mama Viti alimsikia mumewe sebuleni akiburuta kitu, akatoka jikoni mbio kwa furaha.

"Umelileta?"

Turubai alikuwa juu ya ndoo, mikono juu. "Nimefuata mapazia," akasema.

Yaliyosemwa na Mama Viti hapo hayaandikiki. Jirani wa upande wa pili alizima redio yake ili asikie vizuri.

Mchana binti yao akarudi kutoka kazini. Alikuwa mwalimu wa chekechea, na wiki nzima alikuwa anawapeleka watoto uwanjani kuimba wimbo wa kumkaribisha mgeni asiyekuja, mpaka watoto wakaanza kuuimba chooni. Aliingia, akaona dirisha liko uchi, akakaa mkekani bila kuuliza.

"Mama, na kesho natakiwa uwanjani. Agizo limetoka juu. Mwalimu asiyefika ataandika maelezo."

"Kesho! Si ndiyo siku wanayokuja kukuposa?"

"Nimewaambia."

"Huko juu hakuna watu wenye wakwe?" akauliza baba yake.

"Mpigie simu mwenzako, waahirishe," Mama Viti akasema.

"Siwezi, mama. Baba yake kafunga bucha kwa ajili ya kesho. Tangu amzike mke wake hajawahi kuifunga hata siku moja. Na shangazi yake kashapanda basi, yuko njiani."

Likitajwa neno shangazi, nyumba ilikuwa inapoa. Huyu shangazi wa kijana ndiye aliyeshika nafasi ya mama, na alishakataa msichana mmoja kabla ya huyu kwa sababu vikombe vya kwao havikufanana. Kijana alimpenda binti, binti alimpenda kijana, mwenye bucha alikuwa mtu wa kukubali. Shangazi ndiye kizingiti, kila mtu alilijua hilo.

Mama Viti akajiegemeza ukutani, akateleza taratibu mpaka chini.

"Wataona nini wakiingia?" sauti yake ilikuwa ndogo. "Wataona kuta. Yule mwanamke atasema binti katolewa ghalani. Miaka yote hii nimelitunza kochi lile kwa ajili ya siku moja tu, siku ya kesho. Na nimelitoa kwa mikono yangu."

Turubai aliinuka kwenye ndoo, akaenda kukaa karibu naye. Akampa chai yake iliyopoa, mkewe akainywa.

*

Wakwe walifika Jumamosi asubuhi kabla hata jua halijachoma. Mwenye bucha alitangulia, mtu wa mwili, tumbo limetangulia zaidi, ndani ya suti nyeusi aliyoinunua kwa ajili ya mazishi. Kijana wake, fundi wa pikipiki, alikuwa ameosha mikono mpaka ikawa myekundu, grisi imebaki kwenye kucha tu. Nyuma yao shangazi, mkoba kwapani, macho yameshaanza kazi tangu barazani.

"Karibuni, karibuni sana, piteni ndani," Turubai akasema. Wakapita. Wakasimama. Shangazi akazungusha macho sebule nzima, dirishani, sakafuni, kwenye ndoo, akarudi dirishani.

"Tumeshapita," akasema. "Tukae wapi?"

Mama Viti alikuwa ameukariri uongo wake usiku kucha: kochi liko kwa fundi, lilitatuka kidogo. Akafungua mdomo autoe, lakini mumewe akamwahi.

"Kochi liko kazini, dada."

"Kazini?"

"Limeitwa na serikali."

"Na binti?"

"Naye yuko kazini. Wako pamoja, yeye na kochi."

Kisha tumbo la mwenye bucha likaanza kutikisika, kicheko chenyewe kikafuata baadaye, kikubwa, mpaka akashika ukuta. Kijana akacheka kwa kuwa baba yake anacheka. Shangazi hakucheka.

"Twendeni basi huko huko kazini," mwenye bucha akasema akijifuta macho. "Mimi sijavaa suti hii nisimame."

Njia nzima Mama Viti na mumewe walitembea mbele wakinong'onezana, na mnong'ono wao ulisikika mpaka ng'ambo ya barabara.

"Limeitwa na serikali! Huna aibu!"

"Ulitaka niseme liko kwa fundi? Mkwe mwenyewe fundi, angetaka kulitengeneza."

"Fundi wa pikipiki!"

"Wanajua kila kitu siku hizi."

"Tembea, bwana. Na hilo shati, upande mmoja uko ndani, mwingine uko nje. Chagua."

Mwenye bucha alikuwa nyuma yao, anasikiliza.

*

Uwanjani watu walikuwa wamejaa. Walioitwa kuja saa mbili walikuwa wamefika saa mbili, maana mnyonge akichelewa hutozwa faini. Aliyewaita hakuwepo. Kochi lilikuwa mbele chini ya turubai, linang'aa ndani ya nailoni yake, nyuma yake mapazia ya maua.

Askari wa halmashauri alikuwa anasinzia. Alipofumbua macho aliona suti nyeusi na tumbo vinamjia, mama mwenye mkoba pembeni, watu wanafuata nyuma. Hakuuliza kitu. Kwetu kiongozi haulizwi kitambulisho, tumbo linatosha. Askari aligonga viatu, akapiga saluti, akapuliza filimbi.

Watoto wa chekechea walikuwa wameingojea filimbi ile wiki nzima. Wakalipuka na wimbo. Mwalimu wao akageuka kumtazama mgeni rasmi, akamwona baba mkwe wake mtarajiwa anapungia watu mkono, na nyuma yake mama yake mzazi ameshika kichwa. Akajaribu kuwanyamazisha watoto kwa ishara. Watoto wakadhani anataka sauti zaidi.

"Karibu, mheshimiwa," askari akasema, akamkalisha mwenye bucha katikati ya kochi. Shangazi akakalishwa kulia, kijana akapewa kiti cha plastiki. Shangazi alijaribu kuuliza jambo, lakini watu walikuwa wanapiga makofi, na mtu akipigiwa makofi hupenda kuketi kidogo aone yanaishia wapi.

Jua likapanda. Nailoni ikaanza kulia kila mwenye bucha akijisogeza, kisha ikaanza kumnata.

"Mama," akamwambia Mama Viti aliyekuwa amesimama pembeni kama mlinzi wa makaburi, "samahani sana. Hii nailoni yako inanipika."

Wote wakamtazama. Turubai akatazama chini, maana yeye ndiye aliyejua kinachoombwa pale. Alishawahi kumwona mke wake anaifuta vumbi nailoni ile siku aliyokuwa na homa, amejifunga blanketi.

Mama Viti akasogea. Akashika pembe ya nailoni, akasita, akaivuta. Ikapasuka kwa mlio mrefu mpaka watoto wakanyamaza. Akavuta tena, safari hii kwa hasira, akalizunguka kochi lote, "Inuka kidogo, baba. Dada, inua mguu," mpaka ikawa lundo chini. Kisha akakaa, katikati ya mwenye bucha na shangazi.

Akatulia hapo. Akajibonyeza kushoto, akajibonyeza kulia.

"Kumbe linabonyea," akasema.

"Hujawahi kulikalia?" mwenye bucha akashangaa.

"Nilikuwa nalitunza."

Mwenye bucha akatazama lile bomba mbele yao lililofungwa utepe.

"Mimi ninayo mawili nyumbani," akasema, "na sahani za kabatini sijui ngapi. Marehemu alipenda vitu vizuri, nami nikamnunulia. Tangu aondoke nakula nimesimama jikoni. Nikikaa, ile nafasi ya pembeni yangu inanitazama. Kochi refu ni baya sana kwa mtu mmoja, mama."

Shangazi alifungua mkoba, akaufunga.

"Kijana wangu aliponiambia twende, sikuja kukagua vyombo," mwenye bucha akaendelea. "Nilitaka kujua kama mlango wenu nikibisha kuna watu wanaoongea ndani. Maana kwangu hakuna. Sasa njia nzima nimewasikia nyinyi wawili mnagombana mambo ya shati. Nikasema moyoni, hapa ndipo."

Turubai akatazama shati lake. Lilikuwa bado halijachagua upande.

*

Magari yalisikika ndipo yakaonekana. Diwani alishuka la kwanza, akakimbia kufungua mlango wa la pili, akatoka bwana mmoja mwembamba mwenye miwani, kama ametapikwa na safari. Wakaja mpaka mbele ya turubai. Diwani akaona kochi limejaa.

"Hawa ni akina nani?" akamfokea askari.

"Mgeni rasmi, mheshimiwa."

"Mgeni rasmi ni huyu hapa!"

Askari akamtazama yule mwembamba toka juu mpaka chini, akamtazama mwenye bucha. Hakuridhika, lakini akanyamaza kwa ajili ya mshahara.

Diwani akainama sikioni kwa Mama Viti, bado anawatabasamia watu. "Waondoe watu wako sasa hivi. La sivyo ile zabuni uisahau. Sherehe zote. Unanisikia? Hata kiti kimoja sitachukua kwako."

Alisikia. Na wakwe nao walisikia, kwa sababu Diwani hajui kunong'ona. Mwenye bucha akaanza kujiinua, mkono mmoja kwenye goti. Shangazi akashika mkoba wake na kumtazama Mama Viti kwa macho yaleyale ya vikombe, anangoja aone.

Meza ya kioo ilikuwa pale kichwani mwa Mama Viti, inang'aa. Aliitazama mara ya mwisho. Kisha akashika pindo la koti la mwenye bucha, akalivuta chini.

"Kaa, mkwe wangu," akasema kwa sauti.

Neno lenyewe lilikuwa halijatamkwa bado na upande wowote. Lilitakiwa litamkwe baada ya maongezi marefu, wazee wakikohoa. Fundi wa pikipiki alilisikia akasimama, hajui anasimamia nini, akakaa tena. Kule kwa watoto mwalimu aliziba mdomo kwa mikono miwili. Mwenye bucha akarudi kwenye kochi kwa uzito wake wote.

"Mheshimiwa," Mama Viti akamgeukia Diwani, "viti viko tele. Vyote vyangu, vyote nimeviosha mwenyewe. Mgeni wako achague."

Mgeni rasmi alikuwa anaumwa kiuno, akachagua cha karibu. Akapewa mkasi, akakata utepe, akafungua bomba. Bomba likakohoa, likatema matone mawili ya rangi ya chai, likanyamaza. Watu wakapiga makofi kama walivyoelekezwa. Kisha akatoa hotuba juu ya subira. Ilikuwa ndefu kiasi kwamba mahari, mwezi wa harusi na nani atakaa na nani vyote viliongelewa vikaisha pale kwenye kochi, naye hajafika katikati. Shangazi alishiriki mwanzo. Baadaye kichwa chake kikaanza kulala upande, kikamwangukia Mama Viti begani, mdomo wazi, akakoroma kwa amani mbele ya viongozi wote. Mama Viti hakusogea hata bega lilipokufa ganzi.

Alipozinduka, shangazi alijifuta mdomo, akaketi wima, akanyoosha gauni. "Hili kochi zuri," akasema. Hakuongeza neno, na hakuna aliyethubutu kumwongezea.

*

Lori la halmashauri lililoleta kochi lilikatazwa kulirudisha. Diwani alitoa amri hiyo mwenyewe, akiwa ndani ya gari, kioo kimeshushwa kidogo tu. Viti vya plastiki navyo wakavifuate wanavyojua.

Basi wakalibeba. Mwenye bucha alishika pembe moja baada ya kuvua koti la mazishi, Turubai nyingine, kijana na mchumba wake wakashika nyuma. Mama Viti alibeba mapazia kichwani, shangazi akabeba viatu vya kila mtu aliyeona viatu vinambana. Lilikuwa zito kama deni. Mbele ya kituo cha mafuta mwenye bucha akasema moyo unagonga, tulieni, wakaliweka chini palepale walipofika, katikati ya barabara, wakalikalia wote. Waliokosa nafasi walikaa kwenye mikono ya kochi. Turubai alikaa chini, akaegemea magoti ya mke wake.

Mama Viti alipapasa kitambaa. Kulikuwa na doa la soda, na kifungo kimoja cha dhahabu kilikuwa kimeng'oka. Zabuni imekwenda, meza imekwenda. Akangoja huzuni ije. Alijua inatakiwa kuja, akaipa muda. Mwenye bucha alikuwa anaeleza jinsi ng'ombe mmoja alivyowahi kumkimbiza mpaka ndani ya saluni ya wanawake, na shangazi, yule yule, alikuwa anamsahihisha kwa kelele kwamba alikuwa mbuzi, yeye alikuwepo, alikuwa mbuzi mdogo tu. Mwenye bucha akaapa ni ng'ombe. Binti alikuwa anacheka mpaka anamwangukia mwenzake.

Nyuma yao gari likapiga honi. Likapiga tena. Kijana mmoja akatoa kichwa dirishani akauliza kama wana akili timamu.

"Zungukia huko, mwanangu," Mama Viti akamjibu bila kugeuka. "Bado hatujajua kama ni mbuzi au ng'ombe."